Mkuu Amepitisha Kifo Chake

Kumb. Na. 14/7

Kwako Shangazi mshauri,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba ufunge mlango, na ukimaliza usimsimulie mtu hata neno moja, si mumeo, si mhariri wako, maana nikijulikana nimekwisha.

Mimi ni karani wa masijala, nina miaka ishirini na minne, sijawahi kumpiga hata paka, na miezi miwili iliyopita nilihamishiwa mji huu ambao sikuwa na mtu ninayemjua. Kwetu nilijaribu miaka mitatu kuandika hadithi ya upelelezi nikashindwa, kwa sababu kila niliyemtaka awe muuaji nilimjua, nilimjua na mkewe, nililijua na goti lake bovu, nikimpa kisu mkononi nacheka mwenyewe. Lakini huku, Shangazi, siku ya kwanza tu naburuta sanduku langu ngazini nilimwona mama mwenye nyumba, ambaye anaishi peke yake, akianika shati la kiume, na Jumamosi iliyofuata akalianika tena lile lile, na jirani wa chini hufungua dirisha moja tu kati ya matatu, na mshona viatu wa ng'ambo ya barabara hunyamaza kila nikipita, basi nikaona mji mzima una maiti mahali fulani, na kalamu ikaanza kukimbia yenyewe.

Nilimsomea dada yangu sura ya kwanza kwa simu. Akasema, "We mdogo wangu, umepelekwa huko kupanga mafaili au kuua watu?" Nikamwambia ni hadithi tu. Akasema, "Haya. Ila huyo marehemu mbona ana kipara kama cha bosi wako uliyenisimulia?"

Kosa langu ni hili. Sisi watu wa masijala tumefundishwa kwamba karatasi isiyo na jalada ni yatima, kwa hiyo mpango wa hadithi yangu niliuandika kwenye karatasi za dokezo kama kawaida ya kazi, nikaupa kichwa "Kuondolewa kwa Mkuu wa Idara", nikazitoboa, nikazipa namba, nikazifunga kwenye jalada jipya, namba kumi na nne, nikaliweka kwenye trei ya kulia. Kwenye ofisi niliyotoka trei ya kulia ni ya kazi ambayo haijaisha. Huku ni ya kazi inayopanda kwa wakubwa. Niliporudi kutoka msalani mzee tarishi alikuwa ameshalichukua na kuliandikisha katika daftari la mwendo wa majalada.

Siku nne lilikaa huko juu. Dokezo lilisema waziwazi kwamba mkuu ni mpenda chai, hivyo sumu itiwe kwenye birika la saa nne siku ya Ijumaa, na mwili usionekane kabla ya kikao cha saa nane. Jalada liliporudi nililifungua kwa vidole viwili, nikakuta limepita meza tatu. Ofisa ugavi ameandika, "Sumu haipo stoo. Mwombaji ajaze fomu, nakala tatu." Ofisa utumishi ameandika, "Sina pingamizi. Kaimu ateuliwe mapema ili kazi isisimame." Na mkuu mwenyewe, kwa wino wake wa kijani, ameandika, "Nimeona. Ijumaa nitakuwa safarini. Ifanyike Jumanne. Kazi nzuri."

Nilitaka kulichana, lakini jalada lililoandikishwa likipotea karani hufukuzwa, nikalirudisha rafuni. Basi Jumanne hii, juzi, mkuu amekunywa chai saa nne, na saa tano akatolewa ofisini ameshika tumbo, watu wawili wamemwegemeza. Naapa sikulikaribia birika. Daktari anasema ni samaki wa jana yake na anaendelea vizuri, ila sasa naibu wake anakaimu, mama mmoja ambaye ndiye pekee katika jengo hili anayesoma kitu mpaka nukta ya mwisho, naye ameagiza majalada yote aliyosaini mkuu mwezi huu yawe mezani kwake Jumatatu saa mbili. Mzee tarishi ameshayaorodhesha. Ameniambia, "Mwanangu, hili lako lina kichwa kizito. Hongera, tena bado kijana hivi."

Na kuna jambo ambalo hata dada sijamwambia. Mkuu alipokuwa akipitishwa karibu na meza yangu, midomo imemkauka, wenzangu wote walikimbia kumsaidia, mimi nilitoa kalamu nikaandika jinsi alivyokuwa akiutafuta ukuta kwa mkono. Ilikuwa sentensi nzuri. Hiyo inaniogopesha kuliko polisi.

Je, nilifiche jalada, nitoroke nirudi kwetu, au nikiri na kuipoteza kazi ambayo mama yangu ameshaitangaza kwa ukoo mzima? Usipige simu ofisini, inapokelewa na ofisa utumishi. Usiandike nyumbani, mama mwenye nyumba nadhani hufungua barua kwa mvuke. Nijibu Jumamosi hii, nitanunua gazeti mtaa wa pili nikiwa nimevaa kofia. Kama kuna la siri zaidi, liachwe kwa mshona viatu, bahasha iandikwe "soli ya kushoto".

Wako mwenye hofu,
Karani

Nakala: Jaladani

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu karani,

Umeniomba siri kwenye ukurasa unaosomwa kwa kinyozi mpaka kwa daktari wa meno. Jina hukulitaja, hilo ndilo lililokuokoa.

Tuanze na shati. Mwanamke anayeishi peke yake huanika shati la kiume ili wezi wadhani ndani mna mwanamume. Mimi mume sina, shati ninalo, nalo hutoka kila Jumamosi. Mshona viatu hunyamaza kwa sababu anayepita ndiye anayesalimu, na wewe miezi miwili unapita bubu. Mji wako hauna maiti. Una watu ambao hujawaamkia. Ugeni umekupa macho, sawa, waandike, lakini waamkie kwanza.

Polisi waache. Umepata wasomaji watatu na hakuna aliyesoma. Mwandishi mwingine angelia. Mkuu aliyesogeza siku ya kufa kwake ili isigongane na safari hawezi kukushtaki bila kuueleza wino wake wa kijani. Wenye kutetemeka Jumatatu ni wengi, panga foleni.

Ila kwa ile sentensi nzuri nakugombeza. Mtu anatafuta ukuta kwa mkono, na wewe mkono unao, umeushikisha kalamu. Ungempa mkono, sentensi ingekungoja. Leo hii kabla ya jua kuzama nenda kamwone mgonjwa, mpe pole, kisha mwambie kwa mdomo wako ulichokiandika. Mgonjwa wa tumbo husikiliza, hana pa kwenda.

Jalada usilifiche, wala usitoroke. Na sasa kaa chini. Barua yako imenifikia ina matundu mawili pembeni, ina namba 14/7 juu, yaani jalada la kumi na nne, karatasi ya saba, na mwisho umeandika "Nakala: Jaladani". Nimewauliza wanaoijua kazi yenu, wamenieleza maana yake. Yaani yote uliyonisihi nisimwambie mtu umekwisha kuyafunga kwa mkono wako ndani ya jalada lile lile, na Jumatatu saa mbili litafunguliwa na mtu wa pekee katika jengo lenu anayesoma mpaka nukta. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wewe umeponzwa na mashine ya kutoboa karatasi.

Nakala hiyo usiing'oe. Kukiri umeshakiri, tena kwa utaratibu. Fika saa moja na nusu, simama mlangoni kwa mama naibu, mwamkie, umwambie, "Karatasi ya saba ni yangu, naomba uanze na hiyo." Kisha nyamaza mpaka amalize. Akikuuliza katika hadithi ni nani aliyetia sumu, mwambie. Msomaji wako wa kwanza usimnyime mwisho.

Nami ukitaka nijue yaliyokukuta, tia barua kwenye sanduku la gazeti, mchana, bila kofia. Tumia karatasi isiyo na namba wala matundu, na nakala usimpe mtu.