Kinanda Alichobeba Babu

Kanyenye, Tabora
Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao Elia ni mzima wa mwili, lakini moyo umenichafuka tangu Jumamosi, na ndiyo sababu ya barua hii. Mgongo wako unaendeleaje? Mama amepona kikohozi? Mtama umesimama, au ndege wamewatangulia tena? Namwomba mwinjilisti anayekusomea asiruke neno, hata pale nitakapomtaja mzee wa kanisa. Asome yote, kisha apewe maziwa.

Unajua kazi yangu hapa ni kuvukuta kinanda cha mabomba katika kanisa letu la zamani. Nyuma ya pazia kuna mpini mrefu wa mti. Nikiupandisha na kuushusha, mivukuto inajaa upepo, na aliyekaa mbele akibonyeza vibao, sauti inatoka. Nikiacha, kinanda kinanyamaza, hata akibonyeza nani. Ulipopata habari ya kazi hii ulicheka, ukasema mtoto wa mhunzi amekwenda mjini kuvukuta pasipo moto. Lakini mama aliniambia ulifurahi, kwa kuwa kinanda hiki babu alikibeba. Kabla ya reli kilitoka pwani vipande vipande mabegani mwa wapagazi, na bomba refu kuliko yote alilichukua babu na mwenzake kwa mzega, mti mmoja mabegani mwao, mpaka bega likaota lile kovu ulilokuwa ukimkanda kwa samli.

Sasa sikia. Alikuja Mzungu mmoja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, bingwa wa vinanda, ikatangazwa kwamba Jumamosi saa kumi atapiga kanisani. Si ibada, Baba. Hakuna sala wala mahubiri. Watu wanakaa, wanasikiliza, wanakwenda zao. Wazungu wa boma na wake zao walipewa viti vya mbele, sisi tukapewa mabenchi matatu ya mwisho kwa sharti la kukaa kimya. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa mbili tu, kwa hiyo jembe lake nililishika mimi.

Shangazi, dada yako, alifika mapema na kanga mpya na vile viatu vyake vya Pasaka. Alikuja kusikiliza mzigo wa baba yake. Alichungulia pazia langu akaniuliza, "Mwanangu, lile bomba refu likilia nitalijuaje?" Nikamwambia atalisikia tumboni kabla ya masikioni. Akacheka, akaenda kukaa nyuma na akina mama wenzake.

Mgeni alipiga vizuri, sitamnyima haki yake. Tatizo lilikuja alipoanza wimbo wetu wa kutolea maiti. Hapa Tabora wimbo ule haupigwi ovyo. Kinanda kikiupiga siku isiyo ya maziko, ni habari kwamba mmoja wetu amekata roho, na kila aliyeketi husimama akauimba mpaka mwisho, maana maiti haachwi njiani. Mgeni hakujua hayo. Kwake ulikuwa wimbo kama nyimbo nyingine, na simlaumu.

Shangazi akasimama. Akina mama wote wakasimama. Akauliza kwa sauti, "Amekufa nani?" Kisha akaanza ubeti wa kwanza na wenzake wakaupokea. Wazungu wakageuka. Mama mmoja wa mbele alicheka ndani ya kitambaa chake cha mkono mpaka mabega yakatikisika.

Hapo akaja Zakaria, mzee wa kanisa, na bakora yake. Mtu huyu mwenyewe alimzika mkewe kwa wimbo huo, na shangazi ndiye aliyeuanzisha kaburini. Akawaambia, "Nyamazeni. Mnatutia aibu mbele ya wageni."

"Niambie kwanza amekufa nani," shangazi akasema.

"Hakuna. Ni burudani tu."

"Burudani, kwa wimbo tuliomtolea mkeo?"

Akamshika kiwiko akamburuta hadi nje, na wale wengine wakafuata wakijifunika nyuso. Kiatu kimoja cha shangazi kilimvuka kikabaki njiani katikati ya mabenchi. Zakaria aliporudi alikisukuma kwa mguu chini ya benchi, kama mtu anayeficha panya aliyekufa, kisha akawainamia Wazungu na kutabasamu. Nimeona uchafu mwingi mjini hapa, Baba, lakini tabasamu lile linanitia kinyaa mpaka leo.

Na mimi je? Mimi niliona yote kupitia tundu la pazia, na nikaendelea kuvukuta. Ulinifundisha kwamba mvukutaji hatazami kando, chuma kikipoa katikati ya kazi ni kosa lake. Nikajishikiza kwenye neno lako hilo. Upepo wangu ndio uliomsindikiza shangazi mlangoni. Baadaye mgeni alinipa mkono na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, na nikainywa yote. Najichukia kwa chai ile.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa anaosha mguu wake wenye vumbi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilipokuwa navutwa nilikuwa nasubiri upepo ukatike. Haukukatika." Kisha akanipakulia ugali.

Jumapili asubuhi Zakaria alinituma nimwambie shangazi kwamba atakaa benchi la waliotengwa mpaka atubu mbele ya watu kwa kuleta fujo. Nikaingia nyuma ya pazia, nikakaa chini karibu na mpini, mikono magotini. Mwalimu wetu anayepiga siku za ibada akabonyeza, vikasikika vibao tu vikigongana. Akabonyeza tena. Zakaria akafungua pazia akanong'ona, "Vukuta."

Nikamwuliza, "Amekufa nani?"

Akasema hakuna aliyekufa. Nikamwambia, "Basi niache nikae kimya, kama mlivyotutaka jana."

Akaniambia kazi yangu imekwisha. Nilipita katikati ya kanisa watu wote wakinitazama, nikainama chini ya lile benchi, nikatoa kiatu, nikatoka nacho mkononi. Nyuma yangu waliimba bila kinanda, na waliimba vizuri.

Haya nakuandikia mimi kabla hujayasikia kwa wapita njia. Najua ulijivunia kazi ile, nami naomba radhi kwa kuikosa, lakini kwa kuiacha siombi. Nikiachiwa nafasi penye mivukuto yako, nitashukuru. Nasi tunakuja wawili, kwa miguu, labda siku nne kwa sababu ya magoti ya shangazi.

Nisalimie mama, umwambie nimekonda kidogo tu. Nisalimie mdogo wangu anayechunga, na baba mdogo wa ng'ambo ya mto, na bibi mkunga aliyenipokea. Mwinjilisti naye nampa salamu zake, na pole kwa kusoma.

Shangazi anakusalimu sana. Anataka kaburi la babu lipaliliwe kabla hatujafika. Anasema ule wimbo ulikatizwa, atausimamia pale na kuumaliza, na safari hii mimi nitaimba naye.

Ni mimi mwanao,
Elia