Kamera Juu ya Meza Yangu ya Plastiki

Mwenzangu uko wapi? Acha unachofanya usome.

Meneja, yule asiyeitikia hata salamu, leo kaniita "dada yangu". Kaniletea na kiti! Miaka tisa nachambua plastiki nimesimama, leo ndiyo kaona nina miguu?

Kumbe juu ya meza yangu wamefunga kamera na maikrofoni, vimeungwa na mashine mpya pembeni. Eti mradi wa kurejeleza taka unapanuliwa, wageni wanataka kuona ninavyozijua aina za plastiki. Unanijua, nikisifiwa sina breki. Nikawakunjia vipande karibu na sikio: hiki kinalia kama karatasi, hiki kimya. "Rudia dada, polepole." Nikarudia. "Tena." Nimerudia asubuhi nzima!

Halafu machale yakanicheza. Nikauliza, sisi wachambuaji kumi na wawili tuna nafasi gani kwenye huo mradi? Meneja akacheka: "Usijali dada yangu, taka haziishi."

Taka haziishi! Kwani mimi nilimuuliza habari za taka?

Nikaamua kuwatega, nijue hiyo mashine inajifunza nini kwangu. Nikakunja kipande kama kawaida, kisha nikakitupa kwenye kapu lisilo lake, makusudi kabisa. Mashine yao ikawasha taa nyekundu na kupiga kelele.

Imenisahihisha, mwenzangu. Kwa somo nililoifundisha mwenyewe, tena nimekaa kwenye kiti.

Wageni wote wakapiga makofi. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikapiga nao.