Barua ya Meneja

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu anataka kurudi shule. Tena! Shahada anayo, imetundikwa ukutani juu ya meza ya pasi. Sasa anataka nyingine, ya biashara — wanaiita uzamili. Nikamuuliza ni biashara gani asiyoijua. Miaka sita tunafua mashuka ya nyumba za wageni, na wateja wote wanamtaka yeye. Akasema makampuni hayaulizi unajua nini, yanauliza umesoma wapi. Sijaridhika.

Jumanne, 4 Machi
Ada hatuiwezi, hata tukifua mashuka ya dunia nzima. Ipo nafasi moja ya kusomeshwa bure. Moja! Na fomu inataka barua ya meneja aliyemsimamia kazini. Mtoto wa dobi meneja atamtoa wapi? Kuna mtu alikaa kitako akalipanga hili.

Amemwomba Bwana Tai, mwenye ile nyumba ya wageni kubwa. Kakubali upesi mno. Huyu ambaye shuka moja likichelewa anapiga simu mara nne!

Jumatano, 5 Machi
Barua bado. Eti kesho.

Alhamisi, 6 Machi
Fomu mwisho kesho saa sita mchana. Bwana Tai hapokei simu. Nimepeleka mashuka yake mimi mwenyewe, mpishi wake kaninong'oneza: binti yake naye anaomba nafasi hiyohiyo. Nilijua tu.

Nimerudi nikamkalisha mjukuu.
"Mke mwenzangu, nani kakusimamia miaka sita?"
"Wewe, bibi."
"Mbona hukuniomba mimi?"

Akainama. Fomu inauliza elimu ya meneja, akasema. Aliogopa wasije wakanicheka. Au alinionea aibu — sijui. Imeniuma. Lakini kalamu nimeishika. Herufi nilizipata kwenye madaftari yake alipokuwa darasa la kwanza, si haba. Nimeandika jinsi maji yalivyokatika mwezi mzima, yeye akapanga zamu, tusipoteze mteja hata mmoja. Penye elimu ya meneja nimeandika: sina.

Ijumaa, 7 Machi
Niko kwenye benchi la ofisi ya chuo. Karani kasoma barua, katabasamu — tabasamu gani, sikulielewa — kaingia nayo ndani. Mlango kaufunga. Binti wa Bwana Tai kapita, kaniamkia vizuri tu. Hata kumchukia nimeshindwa.

Saa sita kasorobo. Mjukuu ananikanyaga mguu niache kuandika.

Karani katoka. Mjukuu kasimama upesi, kaambiwa akae.
"Wanamtaka meneja."