Samaki wa Risasi Ndani ya Mtungi

Mpendwa Mama Marlina wa ukurasa wa ushauri, nakuomba unishike mkono maana mimi peke yangu nimeshindwa. Ni mtu wa kisiwa cha Flores, nafanya kazi kwenye yadi ya kuyeyusha betri kuukuu huku Java, shule niliacha darasa la tano. Sisi wa yadini mtoto akizaliwa, mzee wetu huyeyusha risasi, ile metali ya betri, akamsubia samaki mdogo, anatumbukizwa kwenye mtungi wa maji ya kunywa ili mtoto awe mzito, homa zisimpeperushe. Samaki wa binti yangu Krisanti alisubiwa na Mjomba Gaspar, aliyenitafutia kazi hii na kumsimamia mtoto ubatizo.

Wiki iliyopita akaja dada wa chuo, Wulan, kupima maji ya mtaa wetu, ana kibamba kidogo kama ukucha chenye doa la dhahabu, na juu ya dhahabu, anasema, wamepanda vijinyuzi vya protini visivyoonekana, vimeundwa viishike risasi na kuiacha chumvi ipite, kisha umeme kidogo unapima iliyonaswa na simu inachora mstari. Maji ya kisima, mstari ukalala. Ya mtungi wetu, ukapanda kama mlima, na maji yenyewe maangavu, Mama, hayana harufu wala ladha. Risasi nimeibeba mabegani miaka, nikadhani naijua, kumbe inaweza kuwa ndogo kiasi kile, na kuna mkono mdogo zaidi wa kuikamata. Nilivua kofia kama niko kanisani.

"Kaka, mtoe huyo samaki leo," Wulan akaniambia.

Mjomba akacheka. "We Sipri, ukucha wa kuku umekutisha? Mtoe basi, mtoto akiugua usije kunililia."

Mke wangu anamwogopa mzee. Nikimtoa samaki namvunjia mjomba heshima, nikimwacha, mwanangu anakunywa sumu. Nifanye nini?

Siprianus

*

Mwanangu Sipri, pole. Nami nimeisoma habari ya hicho kibamba mara mbili, mwili ukanisisimka. Lakini wiki nzima unastaajabu na mtoto anakunywa? Mtoe samaki sasa hivi, mwaga maji, mtungi huo usiutumie tena. Kesho mpeleke Krisanti hospitali apimwe damu, na mama yake pia. Na wewe, ukitoka yadini na vumbi lako unampakata? Oga kwanza, badili nguo, zifuliwe mbali na zake.

Mjomba usibishane naye. Mwambie mbele ya watu kwamba alimsubu samaki yule kwa upendo, maana ni kweli. Kisha mwombe Wulan aende kwa mjomba na kibamba chake, mzee achote maji ya mtungi wa wajukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, ayadondoshe kwenye dhahabu, atazame. Wewe kaa kimya.

Akikasirika, akasirike. Hasira ya mjomba utaituliza kwa kahawa na maneno laini. Risasi ikishaingia mifupani mwa mtoto, haibembelezwi.