Kwa Nini TV za Baba Hazizimwi

Newala, Jumanne mchana

Kwa Dada Maryam, Mama Mujibu,

Shikamoo dada. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeipokea ukiwa umenuna. Mimi mdogo wako Nasibu mwili ni mzima, roho ndiyo inazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wewe hujambo? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu Mujibu, ambaye nasikia sauti imeshakuwa nzito kama sabufa? Hoteli inaendaje, na ule mguu unaovimba ukisimama sana jikoni, umepata nafuu? Huku mvua bado, tunakunywa maji yaleyale ya kisima cha nyumbani. Mama Huruma jirani anakusalimu kwa mikono miwili, anasema umewatupa.

Najua unashangaa, barua ya karatasi miaka hii, tena kutoka kwa mtu aliyeishia darasa la sita, ambaye shuleni alikuwa anakuhonga maandazi umwandikie insha. Bando ninalo. Ila ujumbe wa sauti siwezi kutuma, sababu utaiona mbele, na wa kuandika ukiusoma utanipigia hapohapo, nami sitaki simu yako ilie kabla hujamaliza. Kwa hiyo kaa chini. Kama kuna sufuria motoni, mwambie mtu aiangalie.

Nianze na kesi yangu. Umesema kwenye grupu la ukoo, mbele ya mashangazi wote na watoto wao, kwamba Nasibu amegeuza nyumba ya Baba kuwa kibanda umiza. Kwamba wewe ndiye unayelipia intaneti, na kwenye simu yako unaona TV zote nne zinanguruma tangu alfajiri, na mzee mmoja hawezi kutazama TV nne, basi lazima mimi naingiza watu na kukusanya viingilio. Ukasema mwezi ukiisha unakuja kuzing'oa zote, unamchukua Baba mnaondoka naye Dodoma, na nyumba inapangishwa.

Dada, hilo la mwisho ndilo limeninyima pa kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka barabarani, nikifika barabarani nasahau nilichofuata. Nakuomba kitu kimoja tu: usimhamishe Baba mpaka umalize karatasi hizi.

Kuhusu viingilio, nakubali siku moja, ile ya mechi ya watani wa jadi. Watu walikuja wenyewe, mmoja akaja na kuku. Sasa ulitaka nimrudishe kuku? Baba mwenyewe alikula paja.

Tukumbushane zilivyoingia. Ya kwanza ulituma wewe tulipomaliza kumzika Mama, ukasema Baba asikae na ukimya. Nikaifunga sebuleni na spika zake tano, mpaka vikombe vya Mama vikawa vinacheza ngoma kabatini. Majirani wakasema sasa na Newala ina sinema. Baba wakati huo bado alikuwa anashona kanzu barazani. Akaja, akasimama, akaniambia sauti ni nzuri sana. Picha hakuitaja. Mimi nikaona ni mambo ya wazee.

Haukupita muda akataka nyingine chumbani, ukanunua. Halafu akataka ya barazani. Hiyo niliipata kwa mteja wangu wa Nanganga, aliyeuza korosho akanunua TV kubwa kuliko mlango wake, ile ndogo ikawa haina pa kukaa tena. Cherehani ya Baba ilikuwa imeshafunikwa, alisema imeharibika. Niliikagua, haikuwa na ubaya wowote, nikatia mafuta nikaondoka.

Kisha, dada yangu, akataka TV kwenye korido ya nyuma, karibu na mlango wa choo. Hapo nikamwuliza, jamani Baba, nani anatazama TV akienda chooni? Akanijibu kwamba nimewafungia watu wa Lukuledi TV jikoni ili mama mwenye nyumba asipitwe na tamthilia akisonga ugali, na wao sikuwahoji, iweje yeye ahojiwe kama mwizi wa mbuzi? Nikaifunga. Nilikwenda kuisimulia Masasi nzima, kwamba mzee wangu ni bwana mkubwa, hata choo chake kina taarifa ya habari.

Na masharti alikuwa nayo. Chumbani kisomo na mawaidha tu. Sebuleni habari na ile mijadala ya watu wazima wanaogombana. Barazani mpira, hata wa marudio. Korido nyimbo. Zisizimwe, zisibadilishwe. Mama Huruma alileta wajukuu wake wawekewe katuni sebuleni, Baba akakataa kwa ukali mpaka watoto wakalia. Mama Huruma akaniita pembeni akaniambia, "Nasibu, baba yako hakuwa hivi. Halafu siku hizi nikimsalimu, mpaka nitaje jina." Nikamwambia amenenepa mno, mzee hamtambui. Akanifukuza na mwiko.

Nimesimama kidogo nimekwenda mpaka dukani, nimerudi bila kununua kitu. Tuendelee.

Unanijua mimi si mtu wa kutulia. Msimu wa korosho ndiyo kabisa, kila aliyelipwa anataka TV ya intaneti, na kila aliyenunua anataka fundi jana. Asubuhi niko Masasi, saa nne Chidya, mchana napandisha Newala na TV ya watu imefungwa kwenye pikipiki kama mgonjwa. Kwa Baba nilikuwa napita tu. Namwamkia nimesimama mlangoni, pikipiki inanguruma nje. Mtu unayemsalimia mlangoni kila siku humwoni, dada. Nimelijua hilo juzijuzi.

Ilikuwa hivi. Nilipita nikamkuta sebuleni kwenye kiti chake, ameinama mbele, anatazama habari. Kioo kilikuwa cheusi. TV haikuwa imezimwa, msomaji anasoma vizuri kabisa, ila zile taa za ndani ya kioo zilikuwa zimekufa. Ni ugonjwa wa kawaida, umeme ukipanda na kushuka picha inaondoka, sauti inabaki. Nikamwuliza Baba picha vipi. Akasema picha safi, tena leo imetulia. Nikamwuliza msomaji kavaa nini. Akasema, "Koti. Wewe ulitaka avae kanga?"

Nilicheka, dada. Wallahi nilicheka mpaka nikahama nilipokuwa, nikaenda kuegemea kabati. Halafu nikamtazama Baba. Alikuwa bado anatabasamu, lakini anatabasamia mlangoni, pale niliposimama mwanzo.

Niliondoka bila kuaga. Nikashuka mpaka Masasi, nikageuza palepale nikapanda tena, sijui nilifuata nini. Nikabadilisha taa za ile TV. Picha iliporudi nikafurahi kama mjinga, maana ndicho kitu ninachojua kutengeneza. Yeye sikumwuliza kitu. Niliogopa atanijibu.

Siku chache baadaye nilikuwa juu ya paa nanyoosha dishi, umeme ukakatika. Nyumba nzima ikanyamaza kwa mpigo mmoja. Nikamsikia Baba anaita, wala si kwa kelele, "Nasibu, washa hata moja." Nikamjibu umeme hakuna. Nikachungulia chini nikamwona anatoka kwa mlango wa nyuma, amenyoosha mkono kutafuta nguzo ya baraza. Dada, upande ule hakuna nguzo. Kule ndiko kwenye kisima, na kifuniko nilikuwa nimekiacha wazi mwenyewe, nilipochota maji ya kunawa.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nimeshika kanzu yake mgongoni kwa mikono miwili, na kandambili yake moja imekwenda, tumeisikia sote wawili ilivyopiga maji. Baba akauliza kile ni nini. Nikamwambia ni kandambili. Kisha akaniuliza, "Hapa ni wapi?"

Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Kisima kile alikichimba yeye na marehemu Mama wakati mimi bado nabebwa. Na ananiuliza mimi hapa ni wapi.

Sasa umeelewa. Baba haoni. Jicho la kushoto, alinieleza mwenyewe, lilianza kufifia Mama angali hai, na Mama ndiye aliyekuwa anamtungia uzi kwenye sindano, wakakubaliana wasituambie. La kulia likafuata. Ukimtazama kwa karibu kuna weupe kwenye mboni, kama tone la tui. Zile TV si za kutazama. Ndizo njia zake. Akisikia kisomo anajua kitanda kiko mbele yake. Akisikia watu wanagombana ni sebuleni, kiti kiko kulia. Mpira ni baraza, kuna ngazi moja ya kushuka. Nyimbo ni choo. Wewe ulituma TV moja ya kumwondolea upweke, yeye akaifanya ramani ya nyumba. Ukija kuzing'oa, umemng'olea na milango.

Aliniapisha palepale kisimani, mguu mmoja peku, nisikwambie. Alisema ukijua utamchukua, na kwako Dodoma itabidi aanze kuwa kipofu upya. Hapa, alisema, angalau ni kipofu mwenyeji. Nikaapa. Leo nimevunja kiapo, Mungu anisamehe, maana naona ukija na hasira zako utafanya kilekile anachokiogopa, na utakifanya kwa kutokujua.

Lakini lipo jingine. Mwalimu Alfredi wa Chidya, ambaye ndiye anayekuletea barua hii, mke wake ni nesi. Nilimwomba huyo nesi aje kama vile anaulizia bei ya TV. Alimtazama Baba machoni wakati anampa chai. Anasema yeye si daktari wa macho, ila inafanana na mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho wapo waliotolewa wakaona. Inabidi apelekwe akapimwe. Nilipomgusia Baba akakataa katakata. Anasema amepitisha sindano maisha yake yote, anajua ikikosea mara moja kitambaa ndiyo basi. Mimi hanisikilizi, mimi kwake ni fundi wa TV. Wewe anakusikia. Ukimwambia simama anasimama, tangu tukiwa wadogo ilikuwa hivyo. Njoo, lakini usije kama mwenye nyumba anayefukuza mpangaji. Njoo umshike mkono umpeleke hospitali, halafu umrudishe hapahapa. Akiona, sawa. Asipoona, kiti chake kiko kulia.

Mimi nimehamia Newala. Wateja wa Masasi wananitukana kwenye simu na wana haki. Kisima nimekitilia kifuniko cha chuma na kufuli, ufunguo ninao shingoni kama hirizi. Nimeweka betri ya sola, inabeba TV mbili tu, nikachagua ya barazani na ya korido, zile za milangoni. Silali vizuri. Usiku nikisikia kitasa nimeshasimama kabla sijaamka.

Na sababu ya karatasi sasa umeiona. Masikio ya Baba siku hizi yanasikia hata chumvi ikimwagika, ningerekodi wapi ujumbe wa sauti? Haya yote nayaandika hapa mezani sebuleni, yeye yuko kwenye kiti chake hatua mbili kutoka kwangu, uso kwa uso. Ameniuliza mbona leo nimetulia. Nimemwambia napiga hesabu ya waya. Namwandika mbele yake na hanioni, dada. Sijawahi kufanya kazi nzito kama hii.

Nilikuwa nimefika kwenye salamu za mwisho, umeme umekatika. TV ya sebuleni imenyamaza. Nikaendelea kuandika, nikijua zile za milangoni zinasikika. Baba akageuza kichwa. Akasema, "Hiyo kalamu inakwenda mbali sana kwa hesabu za waya." Nikaacha kuandika. Akasema niendelee tu, na hesabu ya waya haimfanyi mtu avute kamasi.

Kule barazani mtu alifunga goli. Kisha Baba akaniuliza kama anayeandikiwa ni Maryam. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimekuamkia vizuri mwanzoni, au nimeanza na porojo zangu. Nikamwambia nimekuamkia mara mbili. Akasema, "Basi mwandikie marahaba yangu. Na akija, akohoe kwanza mlangoni, nisije nikamwita kwa jina la mtu mwingine."

Haya, neno lake hilo nimeliandika kama alivyolisema. Mwalimu Alfredi anakuletea na kifuko cha ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na korosho, korosho nimezikaanga mwenyewe, zilizoungua mpe shemeji. Msalimie, umsalimie na Mujibu, mwambie mjomba wake atamfundisha kufunga spika akija. Mashangazi wa kwenye grupu wasalimie pia, ila kesi yangu uifute wewe mwenyewe, mbele yao, kama ulivyoifungua.

Umeme umerudi, watu wameanza tena kugombana, na Baba ameegemea kiti.

Ni mimi mdogo wako, mtuhumiwa wa kibanda umiza,

Nasibu Tahiri