Karafuu Zimerudi kwenye Pilau

Shangazi yangu kipenzi,

Huko Maskati kwa mwanao mnakula nini? Sisi jana tumekula pilau ya karafuu, na mpishi ni mimi. Kaa kitako kwanza.

Unakumbuka Hamadi alivyoanguka mkarafuuni kule Mtambile. Kaka yangu kavunjika mguu, kaungwa, kapona. Mimi niliyekuwa chini nimeshika pakacha ndimi niliyebaki mgonjwa. Harufu ya karafuu ikinijia tu, mikono inatetemeka, namwona anaanguka upya. Watu wakanicheka: aliyeanguka anacheza mpira, aliyesimama anauguzwa. Nyumba nzima ikala pilau bila karafuu, Pemba hii hii!

Wewe ukaanza na kombe. Nikanywa yale maji ya zafarani yenye aya, umenishika kichwa, na wallahi usingizi ukarudi. Ila mchana harufu ikija, mikono ni ile ile. Ndipo ukanipeleka hospitali Chake kwa yule binti mshauri nasaha. Akasema kumbukumbu zikinipanda nisizikimbie, nizitaje kwa jina. Uliposikia "zikinipanda" ukajiweka sawa, ukanigeukia kwa sauti yako ya kilingeni, ile ya kumuuliza pepo aliyempanda mtu: "Haya, jina lako nani, na wataka nini?"

Binti wa watu akaweka kalamu chini. Mimi nikajikuta najibu: "Naitwa Woga. Nataka kumwona Hamadi amesimama."

Tulicheka sote watatu mpaka machozi. Tangu hapo kila nikienda nilimsimulia binti mkasa wote, na mwisho wake Hamadi anasimama. Nyumbani ukanitandikia makonyo mkekani, vile vikonyo vilivyochambuliwa karafuu, kwanza mbali, kisha karibu, huku unanipigia soga.

Kwenye simu bado wabishana nami kipi kilichoniponya. Nasema wazi: kombe lilinipa usingizi, kusimulia na kuzizoea karafuu ndiko kulikoniondolea mtetemo. Lakini bila usingizi ningesimulia kwa kichwa gani? Na bila wewe pale mkekani ningekimbia. Nakupenda, shangazi, na nimekukosa mno.

Jana Hamadi kaoa. Alikataa mpishi mwingine. Nilipofika kwenye karafuu nikasita, kumbe bwana harusi yuko mlangoni pa jiko na kanzu yake.

"Nimesimama," akasema. "Tia."

Nikanusa kwanza. Nikatia gao zima, kiganja kimejaa. Wageni wamelalamika ndimi zimekufa ganzi.

Nakubusu mikono yote miwili,
Mtoto wa kaka yako