Raba za Kijapani, namba ya Baba

Shikamoo Baba. Baridi ya London inapenya hadi ndani ya soksi, ila mie mzima. Leo Dada kanipeleka duka la raba za Kijapani, za turubai, zinazotengenezwa kwa mkono. Soli yake haishonwi. Muuzaji kaniambia kiatu kizima huokwa jokoni kama mkate. Nikakinusa. Kinanukia kama kibanda chako cha kushonea viatu. Muuzaji naye, Mjapani wa makamo, akanusa cha pili, akaniitikia kwa kichwa. Dada akatoka nje kwa aibu.

Nimekununulia jozi. Nakujua, utataka kuzipasua uone soli imeshika vipi. Zivae kwanza siku ya Idi, fundi wangu, watu wakuone, ndipo ushike kisu.

Mama mbusu sana.

Mwanao, Rukia